Ziwa na Mlango Wake

Mvua inayonyesha masika katika uwanda wa Unyamwezi, kati ya Tabora na Nzega, ina hatima mbili zisizofanana hata kidogo. Maji yakielekea magharibi huingia mto Igombe, kisha Malagarasi, kisha Ziwa Tanganyika, na mtu wa Kigoma huyachota akayanywa. Yakielekea mashariki hufuata mto Manonga, hutawanyika katika mbuga ya Wembere, hukusanyika tena Ziwa Kitangiri, halafu hushuka na mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Huko hayanyweki: yamekwisha kuwa chumvi. Wingu lilikuwa moja, na baina ya mkondo huu na ule hakuna mlima. Dereva wa lori huvuka mgawanyo huo bila kubadili gia.

Tofauti haiko mwanzoni mwa safari ya maji hayo, iko mwishoni. Ziwa Tanganyika lina mahali pa kutolea maji, Ziwa Eyasi halina. Waswahili husema mlango wa mto wakimaanisha pale mto unapoingilia ziwa au bahari; katika makala haya nitauita mlango wa ziwa pale maji yanapotokea. Nadai kwamba mlango huo, uwe mpana, mwembamba au usiwepo kabisa, unaeleza mambo mengi ya maziwa yetu ya bara kuliko ukubwa wao au umaarufu wao. Unaeleza ladha ya maji, kupanda na kushuka kwa kina, na hata ugomvi wa mataifa.

Njia nne za kuondoka

Tuichukue nchi yote ya bara kuanzia milima ya Burundi hadi Mbulu, na kutoka Mwanza hadi kusini ya Sumbawanga na Kyela. Maji yake mengi hufuata njia nne.

Ya kwanza ni ya kaskazini. Mito Mara, Simiyu, Isanga na Kagera huingia Ziwa Victoria, ambalo maji yake hutokea Jinja, Uganda, yakawa Nile na kuishia Bahari ya Mediteranea. Ya pili ni ya magharibi: Malagarasi na Ruzizi huingia Ziwa Tanganyika, ambalo hutokea kwa mto Lukuga karibu na Kalemie, Kongo, na maji yake huishia Atlantiki. Ya tatu ni ya kusini: Ruhuhu na mito ya Kyela huingia Ziwa Nyasa, ambalo maji yake hutoka kwa mto Shire, yakajiunga na Zambezi na kufika Bahari ya Hindi. Ya nne haifiki baharini. Rukwa, Eyasi, Manyara na Natron hupokea mito yao na kukaa nayo mpaka jua liyachukue maji.

Njia hizi zinaanzia karibu karibu mno. Huko Rutovu, Burundi, ndiko panapohesabiwa chimbuko la Nile la kusini kabisa. Maji yake hufuata Ruvubu hadi Rusumo, yakakutana na Nyabarongo na kuwa Kagera. Malagarasi nao unaanzia katika milima ya Burundi hiyohiyo. Mmoja unakwenda kwa Wamisri, mwingine unakwenda kwa Wakongo. Malagarasi haukimbilii ziwa moja kwa moja: unajizungusha kwanza ndani ya Tanzania, unatanuka katika matindiga ya Moyowosi, unapokea Igombe na Ugalla, ndipo unageukia magharibi kupita Uvinza. Eneo hilo la ardhioevu, lenye kilomita za mraba zaidi ya 32,000, ndilo la kwanza Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000.

Somo la sufuria ya Uvinza

Uvinza, kando ya mto Ruchugi unaoingia Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Kwa karne nyingi watu waliyachota maji hayo, wakayachemsha katika vyungu, na chumvi ikasafirishwa hadi nchi za mbali. Mchemsha chumvi wa Uvinza alijua jambo ambalo ndiyo siri ya maziwa yote: mvuke huondoka mtupu. Jua likivuta maji kutoka ziwani, huvuta maji peke yake, na chumvi na magadi vilivyoletwa na mito kutoka kwenye miamba na majivu ya volkano hubaki nyuma.

Kwa hiyo ziwa lina njia mbili za kutoa maji, angani na mlangoni, na njia hizo hazifanyi kazi moja. Kwa wingi wa maji, anga inashinda mbali. Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba 68,800, hupata karibu asilimia 80 ya maji yake kwa mvua inayolinyeshea lenyewe, wala si kwa mito, na kiasi kinachokaribiana na hicho hurudi angani kwa mvuke. Nile yote inayotoka Jinja ni baki tu ya hesabu hiyo. Tanganyika ni hivyohivyo: sehemu kubwa ya maji yake huondolewa na jua na upepo, na Lukuga hupata kidogo.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba mlango hauna maana. La. Ni huohuo mdogo peke yake unaotoa chumvi. Lukuga, japo ni mto wa kawaida ukiulinganisha na ziwa lenyewe, ndio umelizuia Tanganyika lisifanane na sufuria ya Uvinza. Na kwa kuwa mlango wake ni mwembamba, maji ya Tanganyika yana madini mengi kuliko ya Victoria, ingawa bado yananyweka.

Sasa tazama maziwa yasiyo na mlango. Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai, hupokea mto Ewaso Ng'iro kutoka Kenya na chemchemi za moto zenye magadi, na haitoi kitu ila mvuke. Magadi yamezidi hata viumbe wachache tu wanaweza kuishi humo, na hiyo ndiyo sababu heroe huzalia pale kwa maelfu: adui hawezi kuwafuata. Eyasi hukauka miaka mingine ikaacha uwanda mweupe.

Rukwa iko katikati ya hali hizo mbili. Haina mlango, maji yake yana magadi, lakini ina samaki, mamba na viboko, na wavuvi wengi wanaitegemea. Kina chake ni kifupi, kwa hiyo mvua za miaka michache huweza kulitanua ziwa kwa kilomita nyingi, na ukame huweza kulikata vipande. Lakini mwambao wa kale ulioachwa juu kwenye mabonde yake unaonyesha kwamba maelfu ya miaka iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, Rukwa ilijaa mpaka ikamwagikia Ziwa Tanganyika kupitia upande wa Karema. Yaani mlango ulikuwepo. Ni maji yaliyoshuka yakauacha juu.

Milango inayohama

Habari ya Rukwa inatuonya tusiichukulie ramani kama jambo la milele.

Ziwa Victoria ni kijana. Zamani mito ya Kagera na Katonga ilikuwa ikielekea magharibi. Ukingo wa Bonde la Ufa upande huo ulipoinuka polepole, mito ilizuiwa, ikarudi nyuma na kujaza sinia pana kati ya nyufa mbili. Sinia hilo ndilo ziwa. Ndiyo sababu Victoria, pamoja na upana wake wote, lina kina cha mita 80 hivi tu mahali penye kina kirefu kabisa. Wachunguzi wa tope la chini yake wamekuta dalili kwamba miaka kama 15,000 iliyopita lilikauka, halafu likajaa tena na kupata mlango wa Jinja.

Ziwa Kivu nalo liligeuzwa. Lilikuwa likitoa maji kuelekea kaskazini mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia. Maji yakapanda, yakapata upenyo kusini, na mto Ruzizi ukazaliwa. Tangu hapo Tanganyika ikapata mgeni mkubwa kutoka kaskazini.

Malagarasi una habari ya namna nyingine. Ndani yake wamo samaki wenye asili ya mto Kongo wasiopatikana katika Ziwa Tanganyika lenyewe, na wanasayansi wanaona kwamba mto huo ni mkongwe kuliko ziwa: ulikuwa ukienda Kongo moja kwa moja kabla ufa haujafunguka na kuukata. Ziwa ndilo lililoingia njiani kwake.

Hata ugomvi wa wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 ulikuwa, kwa kweli, ugomvi wa milango. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858. Wenyeji wa Uvira waliwaambia kuwa Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Hata hivyo baadaye, Burton aliposhindana na Speke juu ya chanzo cha Nile, alishikilia kwamba Tanganyika inatoa maji kaskazini. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi Ujiji, wakaenda hadi Ruzizi na kukuta wenyeji walisema kweli.

Basi ziwa lilikuwa likitokea wapi? Mwaka 1874 msafiri mwingine, Cameron, alidai ni kwa Lukuga. Stanley alipofika hapo mwaka 1876 akakuta mafunjo na tope, na maji yasiyokwenda popote. Nani alikosea? Hakuna. Lukuga ulikuwa mlango uliozibwa kwa mchanga na majani, na ziwa nyuma yake lilikuwa limejaa kupita kawaida. Miaka michache baadaye kizibo kikavunjika, maji yakatoka kwa kasi, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita nyingi.

Nyasa ilifanyiwa hivyohivyo kwa upande wa pili: kati ya mwaka 1915 na 1935 kina chake kilikuwa chini, michanga na matete vikaziba kinywa cha Shire, na ziwa zima halikutoa mto.

Kinachobaki chini

Mlango huchukua maji ya juu. Hilo ni jambo dogo kwa ziwa lenye kina kifupi, lakini ni jambo kubwa kwa Tanganyika. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470; kwa kina, duniani linatanguliwa na Baikal ya Urusi peke yake. Maji ya chini hayachanganyiki na ya juu. Kuanzia mita 100 hadi 200 kwenda chini hewa inakwisha, na kila kinachokufa na kuzama hubaki huko pamoja na rutuba yake.

Dagaa na migebuka wa Kigoma wanategemea rutuba hiyo ipandishwe. Kazi hiyo hufanywa na upepo. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, pepo kali za kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini huinuka. Joto likizidi, maji ya juu huwa mepesi na upepo hushindwa kuyachanganya. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ndivyo inavyotokea, na kwamba chakula cha samaki kinapungua. Juu ya hayo kuna wingi wa karabai na nyavu usiku. Nchi zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kulipumzisha, na katikati ya Mei 2024 uvuvi wa ziwa hilo ulifungwa kwa miezi mitatu.

Victoria ina shida kinyume cha hiyo. Kwa kuwa ni sinia, chochote kinachoshushwa na mito, mbolea, udongo wa mashamba, uchafu wa miji, hubaki karibu na mwanga, na mimea hustawi kupita kiasi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugumaji likaingia na kufunika mialo na bandari. Kabla ya hapo sangara, aliyepandikizwa kuanzia miaka ya 1950, alikuwa amekwisha kuwameza furu wa aina mamia. Sangara alileta viwanda vya minofu na biashara ya mabondo. Furu walioondoka hawakurudi wote. Nile haiwezi kusafisha haya: maji huchukua miaka zaidi ya 20 kabla ziwa halijabadilisha yaliyomo.

Nani ana ufunguo?

Hapa tunafika kwenye siasa. Tanzania inagusa maziwa yote matatu makubwa ya Afrika ya Mashariki na Kati. Ina karibu nusu ya Victoria, asilimia 41 ya Tanganyika, na mwambao mrefu wa Nyasa. Hakuna nchi nyingine yenye bahati hiyo. Lakini tazama milango: wa Victoria uko Uganda, wa Tanganyika uko Kongo, wa Nyasa uko Malawi. Maziwa makubwa ambayo Tanzania inayatawala karibu peke yake, Rukwa, Eyasi, Manyara na Natron, ndiyo yasiyo na mlango.

Mlango wa Jinja una ufunguo tangu mwaka 1954, lilipofunguliwa bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale. Maporomoko yaliyokuwa yakipima maji yenyewe yalizamishwa, na ikakubaliwa kwamba mitambo iachie kiasi kilekile ambacho mwamba wa asili ungeachia kwa kila kina cha ziwa. Makubaliano hayo yalijaribiwa. Mwaka 2005 na 2006 ziwa lilishuka kwa kiasi kisichoonekana kwa miongo mingi, na mjadala ukazuka: ukame, au umeme? Yote mawili yalikuwa na sehemu yake. Mvua zilipungua, na maji yaliyoachiwa yalizidi kipimo.

Lakini tusimpe mshika ufunguo nguvu asizokuwa nazo. Mvua za mwishoni mwa 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, na za miaka iliyofuata zilipandisha Victoria kwa zaidi ya mita mbili, hadi kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.41 mwaka 1964. Mei 2020 kikasoma 13.42. Mara zote mbili ni mbingu iliyofunguka, na mlango ukashindwa kutoa kwa haraka. Ziwa linalolishwa na mvua yake lenyewe hupanda kwa mvua na kushuka kwa jua; bwawa hupunguza au huongeza pembeni mwa hesabu.

Upande wa Tanganyika hali ni ngumu zaidi. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda yakaingia mitaa ya Bujumbura na Uvira na kusumbua bandari na mialo ya Kigoma. Mlango wa Lukuga, tunaojua tangu siku za Cameron na Stanley kwamba hujaa mchanga na kujifungua, hauko mikononi mwa Warundi wala Watanzania wanaofurikiwa. Mkataba wa ziwa uliosainiwa Dar es Salaam Juni 2003 uliunda mamlaka ya pamoja yenye makao Bujumbura, lakini mkataba hauchimbi mchanga. Na Kongo nayo, yenye ziwa hilo asilimia 45, haina sababu ya kuuona Lukuga kama jambo la kwanza kati ya mengi yanayoilemea.

Hapo ndipo sera ya maji ya Tanzania inapopaswa kuanzia. Nchi isiyoshika mlango hata mmoja ina mambo mawili mkononi. La kwanza ni mito inayoingia. Matindiga ya Moyowosi yakilimwa na kuchungiwa mifugo kupita kiasi, udongo utaishia Kigoma bila kuuliza Lukuga uko wazi au umefungwa. Vivyo hivyo Mara na Simiyu kwa Victoria. La pili ni jirani. Kule Rusumo, nchi za Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana umeme wa megawati 80 kutoka kituo kimoja. Ni mradi mdogo, lakini unaonyesha kwamba ufunguo unaweza kuwa wa watu watatu.

Juu ya Nile, msimamo ulitolewa mapema. Mkataba wa 1929 kati ya Misri na Uingereza uliipa Misri sauti ya kuzuia miradi katika nchi za juu. Mwaka 1962 Tanganyika huru ilitangaza kwamba haifungwi nao. Mwaka 2010 nchi za juu zilianza kusaini mkataba wao huko Entebbe, Tanzania ikiwemo siku ya kwanza, na Oktoba 2024 ukaanza kufanya kazi, bila Misri na Sudan.

Kati ya tarehe hizo kulikuwa na jambo lililosema zaidi ya mikataba. Tanzania ililaza bomba kutoka Ihelele, mkoani Mwanza, hadi Shinyanga na Kahama. Baadaye maji hayo yakapelekwa Nzega, Igunga na Tabora. Ziwa Victoria likapata mlango wa pili, mwembamba wa chuma, ambao ufunguo wake uko nyumbani. Kiasi kinachopita humo ni kidogo mno kuweza kuonekana kwenye kipimo cha Jinja. Lakini sasa Tabora, iliyokuwa ikitegemea bwawa la Igombe, inakunywa maji yaliyokuwa yanaelekea Mediteranea. Mama wa Tabora akimaliza kuosha vyombo akamwaga maji uani, yale ambayo jua halikuyawahi yatatafuta Igombe, kisha Malagarasi, kisha Kalemie na Atlantiki. Na mwenziwe wa Igunga akifanya hivyohivyo, yake yatashika njia ya Wembere, yaishie Eyasi kuwa chumvi.